Mtoto wa Jahazini na Nchi Isiyo Katika Ramani

Somo la Kumi na Nne

Natumaini mmekwisha kukaa, taa inawaka, na kila mmoja ana daftari lake na kalamu yake. Wale walioko kazini saa hizi wasihuzunike. Watayasoma maneno haya haya katika kijitabu.

Juma lililopita niliwaambia kwamba leo tutaacha kidogo vitabu vya mbolea na vitabu vya afya, tuzungumze juu ya riwaya. Riwaya ni hadithi ndefu iliyoandikwa kwa lugha ya mjazo, yaani si kwa mashairi. Tutachukua riwaya za aina mbili tu: zile zinazotueleza mambo ya zamani, na zile zinazotupeleka katika nchi ambazo hazipo. Katika aina zote mbili tutamfuata mtu mnyonge, mara nyingi kijana, aliyekutwa na mateso.

Nianze na swali nililoulizwa mimi mwenyewe. Katika darasa moja la jioni mzee mmoja alikuwa amemaliza kusoma kurasa za kwanza za kitabu cha Shaaban Robert kiitwacho Kusadikika. Akakifunga, akavua miwani, akaniuliza, "Bwana Mwalimu, nauli ya kwenda nchi hii ni kiasi gani?" Darasa zima likacheka, na mimi nikacheka. Yeye hakucheka. Mzee yule alijifunza kusoma kwa taabu, na karatasi zote alizopata kuzishika maishani mwake, stakabadhi ya kodi, hati ya shamba, barua ya mahakama, zilikuwa karatasi za mambo ya kweli. Kwake yeye neno lililopigwa chapa ni neno lililotokea. Baadaye nilijuta kwa kucheka kwangu, maana swali lake lilikuwa zuri kuliko mengi ninayoulizwa. Kitabu kikisema jambo, tutajuaje kama lilitokea? Na kama halikutokea, je, tumedanganywa?

Tuweke swali hilo kando kidogo, tuanze na kitabu cha mambo ya zamani.

Mwaka 1934 kilitolewa London kitabu cha Kiswahili kiitwacho Uhuru wa Watumwa. Aliyekiandika ni James Mbotela, mtu wa Freretown, karibu na Mombasa. Kitabu hicho ni kimoja katika hadithi ndefu za kwanza za Kiswahili zilizoandikwa na Mwafrika na kupigwa chapa kwa herufi hizi tunazojifunza. Kinaeleza jinsi watu walivyotekwa bara, wakatembezwa mpaka pwani, wakapakiwa jahazini kama mizigo, kisha manowari ya Waingereza ikalikamata jahazi lao, wakaachiliwa. Mbotela hakuyapata mambo haya kwa watu wa mbali. Baba yake mwenyewe, aliyekuwa Myao, alikuwa mmoja wa watu waliotekwa namna hiyo.

Hebu tuangalie mambo yenyewe yalivyokuwa. Katika karne ya 19 misafara ya watumwa ilitoka pande za Ziwa Nyasa ikashuka mpaka Kilwa Kivinje, ambako jahazi zilikuwa zikingoja. Kutoka Kilwa wengi walipelekwa Unguja, na kutoka Unguja walisambazwa: wengine katika mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba, wengine katika mashamba ya nafaka ya Malindi, wengine mpaka Arabuni na Ghuba ya Uajemi. Wengi wao walikuwa watoto. Mfanyabiashara alipenda mtoto kwa sababu mtoto hana nguvu za kupigana, na husahau njia ya kurudi. Neno hili ni chungu kulisema mbele ya wazazi, lakini ndivyo ilivyokuwa, na mama aliye darasani leo na mtoto mgongoni ataelewa upesi kuliko mimi ninayesema.

Mwezi wa Juni mwaka 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba na Waingereza, na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Mahali lilipokuwa soko hilo pamesimama kanisa mpaka leo. Lakini kufunga soko si kufunga biashara. Jahazi ziliendelea kupita usiku. Kutoka mwaka 1874 mpaka 1883 meli moja kubwa ya Kiingereza, London, ilitia nanga Unguja, na mashua zake zilizunguka huku na huku kuzisaka jahazi hizo.

Sasa fikirini: jahazi limekamatwa, na watu wametolewa. Waende wapi? Mtoto wa miaka minane hajui kijiji chake kiko upande gani. Akijua pia, njia ya kurudi ndiyo ile ile wanayopita watekaji. Kwa hiyo Wamisheni wa Kiingereza walinunua ardhi ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, na kati ya mwaka 1874 na 1875 wakaanzisha mji wa watu walioachiliwa. Wakauita Freretown kwa jina la Bartle Frere, yule Mwingereza aliyetumwa Unguja mwaka 1873 kwa ajili ya mkataba ule. Mpaka leo ukipita Kisauni utasikia utingo wa matatu akiita "Kengeleni!" Jina hilo limetokana na kengele ya Freretown, iliyogongwa kuwaonya watu kwamba watekaji wanakuja. Nguzo yake ingali imesimama kando ya barabara.

Watu walioachiliwa waliitwa mateka. Andikeni neno hilo katika daftari: ma-te-ka. Linatokana na kuteka. Na tuandike maneno mengine matatu.

La kwanza ni mtumwa. Linatokana na kutumwa. Mtumwa ni mtu anayetumwa na mwingine, hana la kusema. Lakini angalieni, kitenzi hicho hicho kutuma kimezaa mtume na mtumishi. Tutarudi kwenye jambo hili tukifika Kusadikika.

La pili ni mtoro. Leo mtoro ni mtoto asiyekwenda shule. Zamani mtoro alikuwa mtumwa aliyemkimbia bwana wake.

La tatu ni mwungwana. Siku hizi tukisema fulani ni mwungwana, twataka kusema ana adabu. Katika siku za Mbotela mkubwa, mwungwana alikuwa kwanza mtu huru, mtu asiyenunuliwa. Mtoto wa mateka hakuitwa mwungwana, hata kama angekuwa na adabu kama ya malaika. Wale mliokuwa mkisikiliza redio ya Kenya mnakumbuka sauti ya Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki mwaka 2025. Yeye ni wa ukoo huo huo wa Freretown, na kipindi chake alichokitangaza kwa miaka mingi kiliitwa "Je, Huu ni Uungwana?" Kilikuwa kipindi cha adabu na mwenendo mwema. Mimi, kila nilipokisikia, nilikuwa nikiwaza kwamba huyu anayetuuliza habari za uungwana ni wa ukoo uliopata kunyimwa neno hilo.

Tumrudie James Mbotela na kitabu chake. Naseme wazi kwamba kitabu hiki nakipenda na nakigombeza.

Nakipenda kwa sababu mtu wa Freretown aliona kwamba habari za baba yake zastahili kuwa kitabu. Kabla yake habari za watumwa ziliandikwa sana na makonsuli, manahodha na wamisheni. Waliwahesabu watu: wanaume kadhaa, wanawake kadhaa, watoto kadhaa. Mbotela anakupa mtu mwenye njaa, mwenye hofu, anayemtafuta ndugu yake. Hesabu ya konsuli haiwezi kukupa hayo.

Nakigombeza kwa sababu wokovu wake wote unatoka baharini. Mwingereza anakuja na meli, mtumwa anaokolewa, shukrani zinafuata. Ni kweli meli zilikamata jahazi, na ni kweli watu walioachiliwa walishukuru, nani asingeshukuru? Lakini hiyo si habari yote. Unguja iliwekwa chini ya ulinzi wa Waingereza mwaka 1890, hata hivyo utumwa uliendelea kutambuliwa na sheria huko mpaka mwaka 1897. Katika pwani ya Kenya sheria ilingoja mpaka 1907. Tanganyika, iliyokuwa kwanza chini ya Wadachi, ilingoja mpaka 1922. Maana yake, serikali ile ile iliyowafukuza wenye jahazi baharini iliwaacha wenye mashamba wakae na watumwa wao. Hata ndani ya Freretown mambo hayakuwa asali tupu. Mwaka 1881 ilibidi kufanywe uchunguzi, kwa sababu msimamizi wa Kizungu wa mji ule alikuwa akiwapiga wakazi viboko vikali.

Na kuna watoro. Hawa hawakungoja meli. Walitoka mashambani usiku, wakaenda msituni, wakajenga. Huko bara ya Malindi na Mombasa palikuwa na kijiji cha Fuladoyo, kilichoanzishwa na Wagiriama Wakristo na watoro pamoja, hawana Mzungu wa kuwaongoza. Mmoja wa viongozi wake, David Koi, alikamatwa akauawa mwaka 1883. Watoro wengine walikimbilia Rabai, kwenye misheni iliyoanzishwa na Krapf na Rebmann mwaka 1846. Wakawa wengi hata wenye mashamba wakatishia vita, wakidai warudishiwe watu wao. Mwisho kampuni ya Waingereza iliyotaka amani kwa ajili ya biashara yake ikakubali kuwalipa mabwana fedha, na siku ya kwanza ya Januari mwaka 1889 watoro zaidi ya 1,400 wakapewa hati za uhuru.

Hati, ndugu zangu. Karatasi. Ebu fikirini mtu amekimbia kwa miguu yake, amelala porini, amejenga nyumba, amelima. Kisha anaitwa mbele ya meza, anapewa karatasi inayosema kwamba tangu leo yeye ni huru, na wengi wao hawakuweza kuisoma. Nadhani wengine waliikunja wakaificha darini kama vile mzee wangu anavyoficha stakabadhi yake ya kodi. Mimi nangoja riwaya ya mtoro mmoja kijana wa Fuladoyo. Kama mmoja wenu wa pande za Malindi au Rabai ana bibi anayezijua habari hizo, na amuulize mapema, bibi angali na nguvu za kusema.

Basi, tumepata kipimo cha kwanza. Ukisoma riwaya ya zamani, jiulize: jambo gani hapa laweza kupimwa kwa mwaka na mahali? Soko lilifungwa 1873, hilo lapimika. Kengele ipo, nenda ukaiguse. Kisha jiulize tena: nani amewekwa mbele katika hadithi, na nani ameachwa mlangoni?

Sasa tuache bahari, twende katika nchi ya yule mzee aliyeuliza nauli.

Shaaban Robert alizaliwa karibu na Tanga mwaka 1909, akafariki mwaka 1962. Mwaka 1926, angali kijana mbichi, aliajiriwa kuwa karani wa forodha Pangani, na tangu hapo karibu maisha yake yote ya kazi alikuwa karani katika ofisi za serikali ya Waingereza. Kumbukeni hilo: karani wa serikali. Mchana alinakili barua za wakubwa, usiku aliandika vitabu vyake.

Kusadikika ilitolewa mwaka 1951, miaka kumi kabla ya uhuru wa Tanganyika. Ni nchi inayoelea angani. Humo mtu aitwaye Karama ameshitakiwa na waziri Majivuno. Kosa lake nini? Amewafundisha watu elimu ya sheria. Mfalme anampa siku sita za kujitetea. Karama hajitetei kwa maneno ya kulia. Kila siku anasimulia habari za mjumbe mmoja. Zamani, anasema, wajumbe sita walitumwa pande sita: kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, mbinguni na ardhini, wakatafute mambo ya kuifaa nchi. Kila mmoja alipata taabu njiani. Kila mmoja alirudi na mashauri mema. Na kila mmoja, aliporudi, alitupwa gerezani. Baada ya siku hizo sita mfalme anamwachilia Karama, na wafungwa wale wanatolewa.

Mnaona sasa kwa nini niliwaandikisha mtumwa, mtume na mtumishi? Watu sita hawa nao walitumwa. Lakini wao walitumwa kwa heshima, wakarudi wakafungwa na nchi yao wenyewe.

Kwa maoni yangu, karani wa mwaka 1951 hakuweza kuandika, "Hapa petu mtu akileta shauri jema anafungwa." Angeulizwa, "Hapa wapi? Nani amemfunga nani?" Kwa hiyo aliinyanyua nchi nzima, akaipandisha angani, akawapa watu wake majina ambayo hayako katika daftari la kodi: Majivuno, Karama, Fadhili, Amini. Hakuna polisi anayeweza kwenda kumkamata mtu kwa kumsengenya waziri wa hewani.

Yule mzee wangu alikimaliza kitabu baada ya majuma mengi. Siku hiyo alichelewa darasani, akaingia, akaweka kitabu juu ya meza yangu, akasema, "Mwalimu, usinitafutie nauli tena. Nimekwisha fika zamani. Huyu waziri namjua, alikuwa akikaa ng'ambo ya mto wetu." Safari hii nilikuwa wa kwanza kucheka, naye akacheka.

Miaka mingi baadaye mwandishi mwingine alipita njia hiyo hiyo ya angani. Katama Mkangi, mwalimu wa chuo kikuu kutoka pwani ya Kenya, aliwekwa kizuizini na serikali mwaka 1986 bila kuhukumiwa. Mwaka 1995 ikatoka riwaya yake Walenisi. Shujaa wake, Dzombo, amehukumiwa afe. Anatiwa katika chombo cha kuruka angani ili kimwangamize. Badala ya kufa anafika nchi iitwayo Walenisi, ambako watu wanaishi kwa usawa. Litamkeni jina hilo polepole, mkilikata: wa-le-ni-si. Wale ni sisi. Baada ya kulikata hivyo, hamhitaji mwalimu awaeleze ni nchi gani.

Kabla hatujafunga kuna kitabu kimoja cha kati, nacho ni Kuli cha Adam Shafi wa Unguja, kilichotolewa mwaka 1979. Wengi wa watoto wenu wamekisoma shuleni, waombeni wawaazime. Kinamfuata kijana Rashidi, mwana wa kuli wa bandarini, ambaye naye anakuwa kuli. Kazi ni ya kuchukua mizigo mgongoni kwa ujira mdogo, na tajiri hajali kama mgongo umevunjika. Rashidi anafunguka macho kidogo kidogo, mpaka wachukuzi wanagoma.

Mgomo ni wa kweli. Ulitokea Unguja mwaka 1948, ukaanzia kwa wafanyakazi wa bandari, ukaenea mjini. Mwaka mmoja kabla yake Mombasa nayo iligoma. Adam Shafi alizaliwa mwaka 1940, basi wakati wa mgomo alikuwa mtoto wa miaka minane, umri wa kusikia mazungumzo ya wakubwa barazani bila ya kufukuzwa. Rashidi lakini hayumo katika orodha yoyote ya wachukuzi. Ametungwa. Je, ni uongo? Mimi nasema Rashidi ni kama kikapu: mwandishi amewatia humo makuli wengi ambao majina yao hakuna aliyeyaandika. Ajuaye jina la kuli mmoja wa kweli wa mwaka ule na alete, tutalisoma hapa redioni kwa furaha.

Angalieni pia tofauti ya Rashidi na yule mtoto wa jahazini. Mtoto anaokolewa na meli inayotokea mbali. Rashidi na wenzake hawana meli ya kungoja. Meli ziko bandarini hapo hapo, na wao ndio wanaozipakua. Wakiweka mikono chini, meli nazo zinakwama.

Muda wetu unakaribia kwisha. Kazi ya juma hili ni hii.

Mtafuteni mtu mzima mmoja, awe mzazi, bibi, au jirani, mumwombe awaeleze taabu moja aliyoipata alipokuwa kijana. Isiwe taabu ya kubuni. Iandikeni kwa mistari kumi, pamoja na mahali ilipotokea, na mwaka, kama anaukumbuka. Kama haukumbuki, andikeni alama anayoikumbuka: ilikuwa kabla ya njaa gani, au baada ya daraja gani kujengwa.

Kisha geuzeni ukurasa. Iandikeni habari hiyo hiyo tena, lakini safari hii mwanze hivi: "Katika nchi moja iliyo juu ya mawingu." Badilisheni majina ya watu wote. Wasomeeni wenzenu darasani maandishi yote mawili, na muwaulize ni lipi lililomfanya mwenye habari anyamaze au acheke.

Mkikwama katika tahajia ya neno, liandikeni kama mnavyolisikia, tutalitengeneza pamoja. Juma lijalo, saa kama hii, tutasoma barua za serikali na namna ya kuzijibu. Kwaherini.